Shajara ya mradi: injini ya 4A-FE kwenye FreeCAD, mwendo wake kwenye Blender

Lengo ni kuchora injini ya Toyota 4A-FE kipande kwa kipande, kisha kuizungusha kwenye skrini: pistoni zipande na kushuka, kemshafti (shafti zenye nundu) zisukume vali (milango ya hewa na moshi) kwa zamu yake, na kila kitu kikutane pale kinapotakiwa kukutana. Tumeichagua injini hii kwa sababu vipande vyake vibovu havitafutwi mbali hapa Dar es Salaam. Corolla za AE101 na AE111 ziliingia nyingi, na gereji nyingi zina pistoni au konrodi yake (mkono unaoiunganisha na krenki) imelala pembeni. Kipenyo cha silinda ni 81 mm, mwendo wa pistoni 77 mm, silinda 4, vali 16, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2.

Programu ni mbili na zote ni za bure: FreeCAD 1.0, iliyotoka Novemba 2024, kwa kuchora, na Blender kwa mwendo na picha. Kompyuta ni laptop ya RAM 8 GB isiyo na kadi ya picha. Anayetaka kufuata hatua hizi asikatishwe tamaa na mashine ndogo. Uzito unakuja mwishoni tu, na una dawa yake.

11 Januari 2025: Kupima

Tumenunua pistoni moja na konrodi yake (TSh 15,000), vernia (kifaa cha kupimia vipenyo) ya dijitali ya 150 mm (TSh 38,000) na mafuta ya taa ya kuoshea masizi (TSh 3,500). Krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na konrodi, hatukuinunua. Tuliipima ikiwa mezani kwa fundi: shingo kuu (zinazokaa kwenye bloku, mwili wa injini) 48 mm, shingo za konrodi (zinazoshikwa na konrodi) 40 mm.

Kipimo kinachosumbua kuliko vyote ni urefu wa konrodi, yaani kutoka katikati ya tundu dogo hadi katikati ya tundu kubwa. Katikati ya tundu hakuna mahali pa kushika vernia. Njia ni kupima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kisha kuongeza nusu ya kila tundu. Ukingo kwa ukingo tulipata 90.5 mm. Tundu dogo ni 20 mm, kwa hiyo nusu yake ni 10.

Hapo tukakosea. Tundu kubwa lilikuwa limepimwa mapema likiwa na beringi zake, likatoa 40 mm. Kingo zikapimwa baadaye beringi zikiwa zimetolewa. Jumla ikawa 120.5 mm, na namba hiyo ikaingia kwenye jedwali. Kosa la milimita moja na nusu halionekani ukitazama konrodi peke yake. Linaonekana pale pistoni inapofika juu kabisa na kubaki chini ya uso wa bloku. Tundu lenyewe bila beringi ni 43 mm, nusu yake 21.5, na urefu sahihi ni 90.5 + 10 + 21.5 = 122 mm.

Jambo la pili kwenye tundu hilohilo: funga kifuniko chake na ukaze bolti kabla ya kupima. Tundu lilikatwa kiwandani likiwa limefungwa, kwa hiyo kifuniko kikiwa kimelegea haliwi duara.

Nafasi kati ya silinda na silinda ipime kwa mbali. Chukua ukingo wa kushoto wa silinda ya 1 hadi ukingo wa kushoto wa silinda ya 4, ugawanye kwa 3. Hapo kosa la mkono linagawanyika mara tatu pia. Vernia ya 150 mm haifiki urefu huo, hivyo tulitumia rula ya chuma ya fundi.

19 Januari: Jedwali na pistoni

Vipimo vyote vimeingia kwenye jedwali moja la FreeCAD, na kila namba imepewa jina: kipenyo, mwendo, konrodi, nafasi. Skechi, yaani michoro bapa inayozaa vipande, zinaita majina hayo, hazibebi namba zao wenyewe. Majina ya herufi moja kama m au g yanakataliwa kwa sababu programu inayasoma kama vipimo vya mita na gramu. Andika neno zima.

Jaribio la kwanza la jedwali ni ujazo. Chora silinda tupu ya 81 kwa 77 mm na uulize ujazo wake: iseme 396.8 cc (sentimita za ujazo). Mara nne ni 1,587 cc, ambao ndio ujazo wa 4A-FE. Isipotoka hivyo, usiendelee na kitu kingine.

Pistoni ni nusu ya umbo lake iliyochorwa kwa upande na kuzungushwa nyuzi 360. Mifereji 3 ya ringi imo kwenye skechi hiyohiyo, tundu la pini inayoishika konrodi linatobolewa baadaye. Kazi ya saa moja.

Iliyotula siku mbili ni hii. Skechi ya tundu la pini tuliibandika juu ya uso wa sketi (ukuta wa chini) ya pistoni, kwa sababu ndipo panapoonekana kwa macho. Siku ya pili tukabadilisha kimo cha mfereji wa chini wa ringi kwa 0.5 mm, na tundu la pini likahamia upande mwingine likiwa limegeuka. Kilichotokea ni kwamba FreeCAD inazitambua nyuso kwa namba zake, na ukibadilisha kitu cha nyuma namba zinaweza kupangwa upya. Toleo la 1.0 limepunguza sana tatizo hili, lakini halijalimaliza. Tangu siku hiyo hakuna skechi inayobandikwa juu ya uso wa kipande. Zote zinakaa kwenye bapa za msingi za X, Y na Z, au kwenye bapa saidizi iliyowekwa kwa umbali unaotoka kwenye jedwali. Kulainisha kona kunafanywa mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine kutulia.

2 Februari: Konrodi na krenki

Hapa kuna kanuni iliyotuokoa baadaye, na ingekuwa vizuri tungeijua siku ya kwanza: asili ya kila kipande, yaani ile sifuri ya X, Y na Z, iwe kwenye mhimili wa mwendo wake. Asili ya krenki iwe kwenye mstari wa shingo kuu. Ya konrodi iwe katikati ya tundu kubwa, ya pistoni katikati ya tundu la pini, na ya kemshafti kwenye mstari wake. Pistoni tuliyokuwa tumeichora asili yake ilikuwa juu ya kichwa, ikabidi irudiwe.

Krenki ina shingo kuu 5 na shingo za konrodi 4. Ya 1 na ya 4 ziko upande mmoja, ya 2 na ya 3 upande wa pili, tofauti nyuzi 180. Umbali kutoka mhimili hadi katikati ya shingo ya konrodi ni nusu ya mwendo, 38.5 mm. Ukizitazama kutoka mbele, shingo kuu na shingo ya konrodi zinapandana: 24 + 20 − 38.5 = 5.5 mm. Kama mchoro wako hauonyeshi kupandana huko, kuna kipimo ulichoingiza kama kipenyo mahali palipotaka nusu kipenyo.

Mizani ya krenki, yaani uzito unaosawazisha shingo za konrodi, tuliikadiria kwa jicho, nusu kipenyo 62 mm, ikapendeza. Kisha hesabu ikaikataa. Pistoni ikiwa chini kabisa, pini yake iko 122 − 38.5 = 83.5 mm juu ya mhimili wa krenki. Sketi inashuka 27 mm chini ya pini, kwa hiyo ukingo wake uko 56.5 mm kutoka mhimili. Na wakati huohuo mizani, kwa kuwa iko upande wa pili wa shingo, ndiyo imesimama wima kuelekea juu. Mizani ya 62 inaingia ndani ya sketi milimita 5.5. Tumeipunguza hadi 55. Ukaguzi wa aina hii usiuachie macho: weka vipande viwili mahali pake, tumia amri ya kupata sehemu vinayoshirikiana, na usome ujazo. Ukitoka zaidi ya sifuri, chuma kimeingia ndani ya chuma.

16 Februari: Kuunganisha kwa majaribio

FreeCAD 1.0 inakuja na sehemu yake ya kuunganisha vipande. Tuliitumia kukagua silinda moja tu. Bloku imefungwa isisogee, krenki imepewa ungio la kuzunguka, konrodi ungio la kuzunguka kwenye ncha zote mbili, pistoni ungio la kuteleza.

Ikagoma. Ukivuta krenki kwa kipanya, kila kitu kinabaki palepale na ujumbe wa kosa unatokea. Chanzo kilikuwa milimita 0.02. Nafasi ya silinda kwenye bloku ilitoka kwenye jedwali, lakini kwenye krenki mtu aliiandika kwa mkono na kuikata desimali. Kwa hiyo konrodi ilitakiwa iwe sehemu mbili kwa wakati mmoja, na maungio yote yalikuwa magumu kiasi cha kutoruhusu hata hicho kidogo.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, namba imerudishwa kwenye jedwali. Pili, ungio la pini ya pistoni limebadilishwa likawa lile linaloruhusu kuzunguka pamoja na kuteleza kidogo kando ya mhimili. Kwenye injini halisi konrodi nayo ina nafasi ndogo ya kucheza kushoto na kulia. Baada ya hapo krenki ilizunguka mzunguko mzima bila kukwama.

Vipande vya silinda 4 kwa pamoja viliifanya laptop iwe nzito mno, hivyo mwendo kamili hautafanyika humu.

2 Machi: Kemshafti, tapeti na vali

Kemshafti mbovu ilinunuliwa kwa TSh 20,000 ili kuona mpangilio wa nundu. Nundu zake zilikuwa zimelika, kwa hiyo umbo la mchoro tumelitunga sisi: duara la msingi lenye nusu kipenyo 15 mm, duara la pua lenye nusu kipenyo 6 mm, na umbali wa 16.5 mm kati ya vituo vyake, yakiunganishwa na mistari miwili inayoyagusa. Pua inasimama 22.5 mm kutoka mhimili, kwa hiyo vali inafunguka 22.5 − 15 = 7.5 mm.

Sasa kosa lililotuchukua wiki nzima. Ili kujua tapeti (kikombe kilicho kati ya nundu na vali) inashuka kiasi gani kwa kila pembe, tulipima umbali kutoka mhimili wa kemshafti hadi uso wa nundu, wima kwenda chini. Inaonekana sahihi kabisa. Lakini nundu ilikuwa inazama ndani ya tapeti kila inapokaribia kuifungua, kisha inatoka, kisha inazama tena upande wa pili.

Sababu ni kwamba uso wa tapeti ni bapa. Bapa haisubiri nundu ifike katikati. Inaguswa pembeni kwanza, pale sehemu iliyochomoza zaidi kuelekea chini inapopita. Chukua pua ikiwa nyuzi 30 kabla ya kufika chini. Ukipima wima katikati unapata 16.83 mm, yaani tapeti ishuke 1.83 tu. Lakini sehemu ya chini kabisa ya nundu wakati huo iko 16.5 × cos 30 + 6 = 20.29 mm kutoka mhimili, kwa hiyo tapeti inatakiwa ishuke 5.29. Tofauti ni karibu milimita 3 na nusu, na hiyo ndiyo chuma iliyokuwa inazama.

Kwa umbo hili la duara mbili, fomula sahihi ni fupi kuliko ile ya makosa:

mshuko = max(0, 16.5*cos(p) − 9)

ambapo p ni pembe ya pua kutoka mhimili wa tapeti, na 9 ni 15 kutoa 6. Vali inaanza kufunguka p ikiwa nyuzi 56.9 na kufunga nyuzi 56.9 upande wa pili. Hiyo ni nyuzi 113.9 za kemshafti, au 227.8 za krenki.

Fomula hiyohiyo ilifichua kosa jingine. Mahali pa kugusana panasogea pembeni kiasi cha 16.5 × sin p, na inapoanza kufunguka panafika 13.8 mm kutoka katikati. Tapeti yetu ilikuwa na kipenyo cha 26 mm, yaani 13 kila upande, na nundu ilikuwa inaigusa kwenye hewa nje ya ukingo. Kipenyo sasa ni 30 mm. Tahadhari kwa atakayenakili: nundu hii inafaa kwa picha tu. Inaanza kuisukuma tapeti kwa kishindo, na nundu za kweli zina mwinuko mdogo wa kuanzia ili zisigonge.

Puli za mkanda unaozungusha kemshafti kutoka kwenye krenki hatukuwa nazo, kwa hiyo tumechora ya krenki kwa meno 24 na ya kemshafti kwa meno 48. Mwenye puli halisi ayahesabu. Kinachohesabika kwa mwendo ni uwiano wa 2 kwa 1.

16 Machi: Kuhamishia Blender

Kila kipande kimetolewa kama faili la STL peke yake, yaani umbo lililogawanywa kuwa pembetatu (meshi). Makosa ya hatua hii ni madogo lakini yote yanauma.

STL haibebi jina la kipimo, inabeba namba tupu. FreeCAD inaandika 81 ikimaanisha milimita, Blender inasoma 81 ikidhani ni mita, na pistoni inakuwa kubwa kama jengo huku nusu yake ikikatwa na ukomo wa kuona wa kamera. Tumeingiza kila kitu kwa kipimo cha 0.01, na fomula zote zinazidishwa kwa 0.01.

Duara zilitoka na pembe kama nati. Usilainishe kwenye Blender. Rudi FreeCAD na upunguze kosa la meshi linaloruhusiwa hadi 0.05 mm. Faili linakua, lakini shingo za krenki zinang'aa inavyostahili.

Pistoni ya 81 mm ndani ya silinda ya 81 mm inaleta nyuso mbili mahali pamoja, na picha inametameta kwa mabaka meusi. Pengo la kweli ni sehemu ndogo sana ya milimita, halionekani hata kwa pikseli moja. Tumetia chumvi: pistoni ya kwenye picha ni 80.7 mm.

Bloku tuliikata robo ndani ya Blender ili pistoni zionekane, na kingo za kata zikatoka na vivuli vya ajabu. Meshi ya STL ni pembetatu ndefu nyembamba, na kuikata kunaziharibu. Kata FreeCAD, kisha utoe.

6 Aprili: Mwendo

Hakuna kipande kinachosogezwa kwa mkono. Kuna kitu kimoja kitupu (kisicho na umbo) kinachoitwa PEMBE, na thamani yake moja tu, pembe ya krenki kwa nyuzi, ndiyo inayoviendesha vingine vyote. Ukikosea, unasahihisha fomula moja badala ya kuhangaika na alama mia za mwendo.

Mzunguko kamili wa kazi ni nyuzi 720, yaani krenki mara mbili. Fremu 240, nyuzi 3 kwa fremu: pembe = 3*(frame-1). Fremu ya 241 ingekuwa sawa na ya 1, kwa hiyo video inaishia 240. Tulipoiacha 241, video ilikuwa inasita kila inapoanza upya.

Mhimili wa krenki uko kwenye Y, Z ni juu, na a ni pembe iliyogeuzwa radiani:

kimo cha pistoni: 0.01*(38.5*cos(a) + sqrt(14884 - 1482.25*sin(a)*sin(a)))
mzunguko wa konrodi: -asin(38.5*sin(a)/122)

Namba 14884 ni 122 mara yenyewe na 1482.25 ni 38.5 mara yenyewe. Kwa silinda ya 2 na ya 3 ongeza nyuzi 180 kwenye pembe.

Jaribio la kwanza lilitumia kosaini peke yake kwa pistoni, kama inavyofundishwa kwenye video nyingi za haraka. Juu kabisa na chini kabisa inakubali. Lakini krenki ikiwa nyuzi 90, kosaini inasema pistoni imeshuka nusu ya mwendo, 38.5 mm, ilhali konrodi iliyolala pembeni imeishusha 44.7. Pini ilikuwa inaning'inia milimita 6 nje ya tundu lake. Pistoni ya kweli inafika katikati ya mwendo kabla ya krenki kufika nyuzi 90, na fomula yenye kipeuo (sqrt) inabeba ukweli huo.

Alama ya kutoa mbele ya asin iliachwa mara moja. Konrodi ikaegemea upande wa nje, na ncha yake ya juu ikatoka 77 mm pembeni ya silinda. Angalau kosa hilo linajitangaza lenyewe.

Lililojificha lilikuwa kwenye kemshafti. Mwanzoni PEMBE ilikuwa mzunguko halisi wa kitu kitupu, na fomula zikausoma mzunguko huo kutoka kwenye mkao wake. Pistoni zilitembea bila dosari. Kemshafti nayo ilitembea vizuri hadi krenki ilipofika nyuzi 180, ikaruka nusu mzunguko kwa fremu moja. Blender inaposoma mzunguko kwa njia hiyo inaurudisha kati ya −180 na 180. Kwa pistoni haidhuru, sababu nyuzi 181 na −179 ni mahali pamoja. Kwa kemshafti inayotumia nusu ya pembe, 90 inageuka kuwa −90. Dawa ni kuacha mzunguko na kuweka sifa ya namba tupu kwenye PEMBE, inayokwenda 0 hadi 717 bila kukunjwa, na fomula ziisome hiyo moja kwa moja.

Kosa la mwisho la hatua hii lingeweza kupita hadi mwisho wa mradi. Kwenye 4A-FE mkanda unazungusha kemshafti moja tu. Ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa giya zenye meno sawa, kwa hiyo zinazunguka kinyume. Tuliinakili kemshafti ya kwanza na kuipa alama ya kutoa. Silinda ya 1 ikaonekana sawa, ya 4 sawa. Kwenye ya 2 na ya 3 tapeti zilikuwa zinashuka bila kuguswa, na nundu zinapita ndani ya tapeti zilizosimama. Nundu zimepangwa kila nyuzi 90 kwa mpangilio 1-3-4-2, na ukizizungusha kinyume mpangilio unakuwa 1-2-4-3. Kemshafti ya pili lazima iwe taswira ya kioo ya ya kwanza, na igeuzwe hivyo ndani ya FreeCAD kabla ya kutolewa.

Kwa fomula za vali, kilele cha kuingiza hewa ni nyuzi 468 na cha kutoa moshi ni 252, tukihesabu kutoka silinda ya 1 inapowaka. Ya 3 inachelewa 180, ya 4 inachelewa 360, ya 2 inachelewa 540. Hivyo p kwa vali za kuingiza hewa ni (pembe − 468 − kuchelewa) kugawanya kwa 2. Kukagua, simama kwenye fremu ya 1 na usome. Silinda ya 1: zote zimefungwa. Ya 2: za moshi zimefunguka 4.35 mm, za hewa zimefungwa. Ya 3: za hewa 4.35, za moshi zimefungwa. Ya 4: zote zimefunguka 0.70, kwa sababu moshi unamalizika kutoka na hewa inaanza kuingia. Ukipata namba hizo nne, injini yako inapumua sawasawa.

20 Aprili: Vali zilizoinama na springi

Vali zimeinama kidogo pande mbili. Tuliinamisha vali, tukaipa mshuko kwenye Z, ikashuka wima huku shina likichana kuta za tundu lake. Blender inahesabu nafasi kwa mhimili wa mzazi wa kitu (kile kinachokiongoza), haifuati mwinamo wa kitu chenyewe. Weka kitu kitupu kilichoinama, kifanye mzazi wa vali na tapeti, na vyenyewe viache bila mwinamo wowote. Pembe ya mwanzo ya nundu nayo ihesabiwe kutoka mhimili huo ulioinama.

Springi mbili za FreeCAD, ndefu na fupi, zilikataa kugeuzwa moja kuwa nyingine kwa sababu idadi ya nukta zake haikulingana. Tukajaribu kuibana moja kwa kimo, na waya wake ukabapika kama chapati. Iliyofaa ni springi iliyotengenezwa Blender kwenyewe: duara dogo la waya na kirekebishi cha kuzungusha kama skrubu, kimo chake kikisoma mshuko wa vali. Waya unabaki duara.

4 Mei: Kutoa video

Jaribio la kwanza: sampuli 512 (marudio ya kukokotoa mwanga) kwa fremu, dakika 6 kila moja, yaani saa 24. Umeme ulikatika ikiwa fremu ya 90 na kitu, betri ikaisha, na kwa kuwa tulikuwa tunaandika faili moja la video, faili halikufunguka tena. Saa tisa zimepotea. Toa picha za PNG, moja kwa kila fremu. Umeme ukirudi unaendelea pale ulipoishia.

Sampuli zimeshushwa hadi 128 na kisafisha chembe kimewashwa: sekunde 40 kwa fremu, saa 2 na dakika 40 kwa zote. Tofauti haionekani kwenye simu, na wengi watatazama kwenye simu.

Ili kupata toleo la kasi tulichukua kila fremu ya nne, na mkanda ukaonekana unarudi nyuma. Puli ya meno 24 ina nyuzi 15 kwa jino. Ukiruka nyuzi 12 kwa picha, jicho linaunganisha kila jino na jirani yake aliye nyuzi 3 nyuma. Tukachukua kila fremu ya pili, nyuzi 6, chini ya nusu ya jino, na mkanda ukarudi kwenye mwelekeo wake.

Picha zimeunganishwa kuwa video kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p injini.mp4

Sehemu ya yuv420p usiiache. Bila hiyo video ilicheza kwenye laptop, lakini simu mbili kati ya tatu tulizojaribu zilionyesha skrini nyeusi.

Gharama hadi leo: pistoni na konrodi 15,000, vernia 38,000, mafuta ya taa 3,500, kemshafti 20,000, bando la kupakulia programu 10,000. Jumla TSh 86,500. Kinachofuata ni pampu ya oili na njia zake ndani ya krenki. Fundi ameshatuwekea krenki iliyovunjika ili tuikate tuone mashimo yanavyopita.